Kushauriana kuhusu Maegesho Penye Lango la Shule: Mwongozo kwa Wakazi wa Garsen na Tana River

Shule nyingi za Tana River zimejengwa kando ya barabara kwa sababu zile zile zilizowavuta wenye maduka, wenye vibanda na waendeshaji wa bodaboda, na kwa hiyo lango la shule, ambalo lingefaa kuwa mahali patulivu kuliko pote kijijini, huwa wakati huo huo steji ya pikipiki, kituo cha kushushia mizigo na soko dogo la asubuhi. Hali hiyo huonekana zaidi kwenye njia inayotoka Malindi hadi Minjila, ambako barabara hugawanyika, mkono mmoja ukielekea Witu na Lamu na mwingine ukipitia mjini Garsen kuelekea Hola na Garissa. Tangu mkono wa Lamu uwekwe lami, safari iliyokuwa ya vumbi na matope imekuwa ya kasi, na faida hiyo, ambayo hakuna anayeibeza, imeandamana na hatari inayowakabili kwanza watoto wanaovuka kwenda shule.

Kaunti au mamlaka ya barabara inapopendekeza kuzuia maegesho karibu na shule, yaani kukataza chombo cha usafiri kuachwa kimesimama katika eneo fulani au kwa saa fulani, pendekezo hilo hugusa moja kwa moja riziki ya watu walio pale langoni. Ndiyo maana sheria ya Kenya inadai ushirikishwaji wa umma, yaani utaratibu wa kuwapa wananchi habari za jambo kabla halijaamuliwa, kuwasikiliza, na kuyapima maoni yao kwa dhati kabla ya kukata shauri. Ushirikishwaji ukifanywa vizuri huzaa kanuni ambayo watu huilinda wenyewe. Ukifanywa kwa kutimiza wajibu tu, huzaa kibao kinachong'olewa kabla ya muhula kwisha, na watoto hubaki katika hatari ile ile.

Hatari yenyewe haina budi kufahamika vizuri kwanza, kwa kuwa mikutano mingi huharibika pale inapogeuka kuwa lawama juu ya adabu za madereva, ilhali swali la msingi ni nani anaonekana barabarani na nani haonekani. Lori la maembe lililosimama mbele ya lango halimgongi mtu. Linachofanya ni kumficha mtoto. Mwanafunzi wa darasa la kwanza ni mfupi kuliko boneti ya lori, na anapotokeza mbele yake hawezi kuliona gari linalokuja mpaka awe amekwisha kuingia katika njia yake, wala dereva wa gari hilo hawezi kumwona yeye mapema. Sheria ya Trafiki inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara, na kwa mwendo huo gari hukata karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo dereva anayehitaji sekunde moja tu ili atambue na kukanyaga breki atakuwa amepita urefu wa lori zima kabla gari lake halijaanza kupunguza mwendo. Kwa kilomita 30 kwa saa, kiwango ambacho Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilikitaka mahali ambapo magari huchanganyika na watembea kwa miguu, umbali huo hushuka hadi mita 8 hivi. Kwingi katika Tana River mti wa mathenge nao umesonga hadi ukingoni mwa barabara, ukafanya kazi ile ile ya lori lililoegeshwa, na hauwezi kuandikiwa faini. Kinachofaa kuulizwa katika kila kikao, basi, ni mahali gani mtoto anafichika, kwa muda gani, na ni kitu gani kinachomficha.

Msingi wa kisheria wa kikao hicho ni imara kuliko wananchi wengi wanavyodhani. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa yanayomfunga kila ofisa wa umma. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake hadharani na kuwashirikisha wananchi katika utungaji wa sheria. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kuanzia kifungu cha 87, inafafanua kwamba mwananchi anastahili kupata habari kwa wakati na kufikia kwa urahisi mahali maamuzi yanapopikwa. Mahakama zimeyatia nguvu masharti hayo. Mwaka 2014, katika kesi iliyofunguliwa na Robert Gakuru na wenzake dhidi ya Gavana wa Kiambu, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliibatilisha Sheria ya Fedha ya kaunti hiyo ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyopasa, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya British American Tobacco, ilieleza kwamba ushirikishwaji lazima uwe wa kweli wala si pambo, ingawa si lazima kila mtu asikilizwe kwa mdomo. Funzo kwa maofisa ni kwamba kanuni ya maegesho iliyopitishwa kwa pupa inaweza kufutwa mahakamani hata kama makusudio yake yalikuwa mema.

Jambo linalostahili kuyatangulia mengine yote, na ambalo ndilo husahaulika zaidi, ni kumjua mwenye barabara. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti mamlaka juu ya barabara za kaunti, trafiki na maegesho, pamoja na usafiri wa umma wa barabarani, lakini barabara kuu za kitaifa zimebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa na husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, ijulikanayo kwa ufupi kama KeNHA, huku nyingi za vijijini zikiangukia chini ya Mamlaka ya Barabara za Vijijini, yaani KeRRA. Kila barabara ya namna hiyo ina hifadhi yake, ambayo ni ukanda wa ardhi wa pande zote mbili uliotengwa kwa ajili ya barabara na ambao vibanda na steji nyingi zimesimama juu yake kwa mazoea, bila kibali. Juu ya hao kuna polisi wa trafiki, ambao ndio wanaomsimamisha dereva, na kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, inayosimamia leseni na viwango. Ndani ya ua, shule ya msingi ina bodi ya usimamizi iliyoundwa chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ambayo ina sauti juu ya lango liwekwe wapi, lakini haina mamlaka hata juu ya hatua moja ya lami iliyo nje ya lango hilo.

Kikao kinaweza kuhudhuriwa na watu mia mbili, kikaafikiana kwa shangwe kwamba malori yasisimame, kisha maafikiano hayo yasitekelezwe kamwe kwa kuwa barabara inayozungumzwa ni ya KeNHA na hakuna ofisa wake aliyekuwepo. Kwa sababu hiyo msimamizi wa wadi, ambaye ndiye ofisa wa serikali ya kaunti katika ngazi ya wadi, anafaa kuandika barua kwa mamlaka husika wiki kadhaa kabla ya kikao, akiomba majibu ya maswali matatu: barabara hiyo ni ya daraja gani, hifadhi yake ina upana gani, na ni alama au matuta gani yanayoruhusiwa hapo. Barua hiyo na majibu yake visomwe hadharani kikao kinapoanza, ili wananchi wajue ni lipi linaloweza kuamuliwa papo hapo na ni lipi litakalobaki kuwa ombi kwa Nairobi. Kaunti nayo ina hoja yake ya pekee ambayo aghalabu haitumii. Elimu ya chekechea, yaani ya watoto wa miaka minne na mitano, ni jukumu la kaunti yenyewe kwa mujibu wa Jedwali hilo hilo, na madarasa hayo kwa kawaida yamo ndani ya ua wa shule za msingi, kwa hiyo kaunti inapodai mahali salama pa kuvukia inawatetea wanafunzi wake.

Baada ya mwenye barabara, ushahidi. Wazazi na walimu wachache wakikaa karibu na lango kwa wiki moja ya masomo, wakiandika saa, aina ya chombo, muda kilichosimama na sababu ya kusimama, watakuwa na hazina ambayo mhandisi anayetoka mbali hana. Saa za kutazamwa ni tatu: asubuhi kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili, wakati ambao wanafunzi huingia, saa sita mchana, watoto wa chekechea wanaporudi nyumbani, mara nyingi bila mtu mzima, na alasiri kuanzia saa tisa. Sababu ya kusimama ndiyo yenye thamani kuliko yote, kwa kuwa daftari linaweza kuonyesha kwamba lori lililolaumiwa na kijiji kizima husimama mara moja kwa wiki, ilhali tatizo la kila siku ni Probox zinazongoja abiria wa Malindi, au pikipiki zinazojipanga chini ya mwarobaini ulio kando ya lango kwa sababu hakuna kivuli kingine kwa umbali wa mita mia. Mchoro wa eneo hilo kwenye karatasi ya manila, ukionyesha lango, miti, vibanda, kisima na njia za miguu wanazopita watoto, hueleweka na kila mtu kikaoni, hata asiyesoma. Wanaopiga picha wajiepushe na nyuso za watoto, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda, na pia kwa sababu lengo ni kurekebisha mahali wala si kumfedhehesha dereva yeyote.

Suala la nani aitwe, wapi na lini, lina uzito wa pekee katika Delta ya Tana. Wapokomo, Waorma, Wawardei, Wabajuni, Wawaata na wengineo wanaishi pamoja huko, na kumbukumbu za mapigano ya mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, yaliyoua watu zaidi ya mia moja, bado hazijafutika. Kanuni ya maegesho inaweza kuonekana jambo dogo, lakini ikijadiliwa katika kijiji cha jamii moja peke yake na kwa lugha ya jamii hiyo peke yake, upande wa pili utaisikia kama amri ya kuwafukuza barabarani wafugaji na malori ya mifugo, au kinyume chake, wakulima na mazao yao. Kwa hiyo inafaa kikao kikuu kifanyike mahali panapotumiwa na wote, kiendeshwe kwa Kiswahili huku wakalimani wa Kipokomo na Kiorma wakitajwa mapema kwenye tangazo, na wazee wa pande zote waombwe ushauri kabla tarehe haijatangazwa. Tarehe yenyewe iepuke Ijumaa adhuhuri, Jumapili asubuhi na siku ya soko la mifugo. Miezi ya mafuriko, ambapo familia nyingi huhamia sehemu zilizoinuka na wafugaji kutawanyika, haifai kabisa kwa kikao cha namna hii, ila inafaa sana kwa uchunguzi wa langoni, kwa kuwa wakati huo watu huhamia kandokando ya barabara na hatari huongezeka.

Baraza la chifu, ambalo ni mkutano wa hadhara unaoitishwa na ofisa wa utawala wa kitaifa, ni njia nzuri ya kutangaza lakini haitoshi kuwa njia pekee ya kusikiliza. Katika baraza wazee huzungumza kwanza na kwa kirefu, na mwanamke auzaye mahamri langoni, ambaye huwaona watoto wale kila asubuhi na ambaye kanuni ikipita atakuwa wa kwanza kuhamishwa, hurudi nyumbani bila kusema neno. Dawa yake ni kumfuata pale alipo. Ofisa au mwalimu akipita kibanda kwa kibanda kabla ya kikao, akaandika kila jibu na kulisoma mbele ya mwenyewe ili alithibitishe, maoni hayo yana hadhi sawa na ya aliyesimama mbele ya kipaza sauti, na yaingizwe katika kumbukumbu pamoja na mengine. Waendeshaji wa bodaboda nao wana viongozi wa steji na vyama vyao vya akiba, na wakiitwa peke yao kabla ya kikao kikuu huja na mapendekezo, ilhali wakikutanishwa na umati ulio tayari kuwalaumu hujitetea tu. Watoto wenyewe wasiachwe nje. Kifungu cha 53 cha Katiba kinaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unampa haki ya kusikilizwa. Darasa la sita likipewa kalamu na karatasi lichore mahali linapoogopa kuvuka, kwa kawaida litaonyesha jambo ambalo watu wazima hawakuliona, kwa kuwa wao hawapiti pale wakiwa na kimo cha mtoto.

Rasimu ya kanuni, yaani maandishi ya awali yanayowekwa mbele ya wananchi ili yarekebishwe, ndiyo kiini cha shughuli yote, na uzoefu wa kutunga sheria unaonyesha kwamba ugomvi mwingi huzaliwa na maneno mapana. Rasimu isemayo kwamba magari hayaruhusiwi karibu na shule haisemi karibu ni wapi, magari ni yapi, wala ni saa ngapi, na humwachia askari uhuru wa kuamua, uhuru ambao huko barabarani huishia katika kitu kidogo. Rasimu bora hutaja umbali kwa mita kutoka nguzo ya lango kwa kila upande, hutaja siku na saa za muhula, na hutofautisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya: kusimama kwa muda mfupi ili kumshusha mtoto, kungoja abiria, na kuliacha gari dereva akaondoka. La kwanza laweza kuruhusiwa mahali palipochorwa, la pili na la tatu yakakatazwa saa za kuingia na kutoka. Vighairi navyo viandikwe, kama vile gari la wagonjwa, gari linalomleta mtoto mwenye ulemavu hadi langoni, na lori linaloleta chakula cha wanafunzi au maji, bora lifike kwa saa ambazo watoto wako madarasani.

Kisha rasimu iseme wanaoondolewa waende wapi. Katika joto la Garsen kivuli ni sehemu ya miundombinu sawa na lami, na steji mpya ikitengwa kwenye uwanja mtupu unaochomwa na jua haitakuwa na mtu ifikapo saa nne asubuhi. Kaunti inayotaka pikipiki ziondoke chini ya mwarobaini wa langoni ijenge kwanza kibanda cha mabati au makuti upande wa pili, mita chache mbele, mahali ambapo abiria hupita, na wenye steji wakubaliane na mahali hapo kabla nguzo hazijachimbiwa. Vivyo hivyo kwa wachuuzi, ambao wanunuzi wao ni watoto wenyewe: wakihamishiwa ng'ambo ya barabara, watoto watavuka mara mbili zaidi kufuata mahamri, na kanuni itakuwa imeongeza hatari iliyokusudiwa kuipunguza. Wachuuzi wabaki upande ule ule wa shule, nyuma ya mstari ulio wazi. Tena barabara iliyoondolewa magari yaliyosimama huonekana pana, na dereva kwenye barabara pana huongeza mwendo, kwa hiyo rasimu inayozuia maegesho bila kutaja matuta, kivuko cha pundamilia na kibao cha mwendo ina upungufu mkubwa.

Kwingineko kazi hii imekwisha kufanywa. Mji wa Bolzano nchini Italia ulianza mwaka 1989 kufunga barabara za mbele ya shule kwa muda mfupi asubuhi na wakati wa kutoka, na mtindo huo umeenea katika miji mingi ya Ulaya. Karibu zaidi na Garsen, jijini Dar es Salaam, shirika la Amend lilianzisha mpango wa kukagua na kurekebisha maeneo ya shule uitwao SARSAI, ambao huanza kwa kuwauliza wanafunzi na walimu mahali ajali zinapotokea, kisha huweka njia za miguu, matuta, vivuko na malango mapya kwa gharama ndogo, na ukapata Tuzo ya Ross ya Miji mwaka 2019 baada ya utafiti kuonyesha kwamba majeraha ya watoto yalipungua kwa takriban robo. Inafaa kuangaliwa kwamba baadhi ya marekebisho hayo yalikuwa kulihamisha lango lenyewe hadi barabara ndogo ya pembeni. Bodi ya shule ya kijijini yenye ua mkubwa inaweza kugundua kwamba lango la pili nyuma ya madarasa litamaliza nusu ya mgogoro bila kumhamisha mtu yeyote.

Mwananchi anayetoa maoni, kwa mdomo au kwa maandishi, atasikilizwa zaidi akiyafunga kwenye kipengele maalum cha rasimu. Kusema kwamba kanuni ni mbaya kwa vijana humwachia ofisa nafasi ya kuandika kwamba mtu mmoja alipinga, na basi. Kusema kwamba kipengele cha saa kibadilishwe kiishie saa mbili asubuhi badala ya saa nne, kwa kuwa daftari la wiki moja halikuonyesha mtoto yeyote akivuka baada ya saa mbili, humlazimu ofisa akubali au atoe sababu. Maoni ya maandishi yapelekwe katika nakala mbili, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa na kubaki kwa mwenyewe, na anayetoa maoni kwa mdomo ahakikishe jina lake na hoja yake vimeingia katika kumbukumbu za kikao kabla hajaondoka. Orodha ya waliohudhuria ni ushahidi wa mahudhurio tu, wala haifai kutumiwa baadaye kama ushahidi wa kukubali.

Upande wa serikali nao una deni la kujibu. Kwa kuwa kifungu cha 89 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinawataka maofisa wayajibu maombi na malalamiko ya wananchi bila kuchelewa, msimamizi wa wadi anafaa kutoa taarifa fupi yenye safu tatu, yaani maoni yaliyotolewa, uamuzi uliofikiwa juu yake, na sababu, na kuibandika kwenye ubao wa ofisi, wa shule na wa msikiti au kanisa lililo karibu. Taarifa isipotoka, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuiomba kwa maandishi na kupewa jibu ndani ya siku 21, au ndani ya saa 48 pale ambapo habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu, na ombi likipuuzwa lalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama ofisi ya Ombudsman. Njia nyingine ni kuliomba Bunge la Kaunti rasmi kwa waraka wa maombi kupitia kwa mwakilishi wadi. Mahakama iwe ya mwisho, kwa kuwa ni ghali na ya polepole, na katika muda huo lango linabaki vile vile.

Iliyo na hekima zaidi ni kanuni inayoanza kwa majaribio ya muhula mmoja, bila faini katika wiki mbili za kwanza, askari na viongozi wa steji wakiwaelekeza madereva mahali papya, na wakati huo tarehe ya kikao cha kuitathmini ikiwa imekwisha kuandikwa ndani ya kanuni yenyewe. Wale wale walioshika daftari langoni walishike tena kwa wiki moja muhula unapokaribia kwisha, saa zile zile na kwa namna ile ile, ili kikao cha tathmini kilinganishe hesabu mbili, na steji, mstari au saa ambayo haikufaa ibadilishwe kabla shule hazijafunguliwa tena.